Senti 31 kwa dakika

Ukitoka Minneapolis kuja kwetu Brooklyn Park kwa njia za mitaani, mpaka wa jiji unauvukia 53rd Avenue North. Hakuna daraja wala kizuizi. Nyumba za upande huu ni sawa na za upande ule, na kelele za mashine za kukata nyasi Jumamosi asubuhi ni zile zile. Lakini mwaka 2024 mwajiri mkubwa wa upande wa kusini wa barabara hiyo alilazimika kulipa angalau dola 15.57 kwa saa, na mwenzake wa upande wa kaskazini angeweza kulipa 10.85 akalala usingizi wake mnono bila kuvunja sheria yoyote.

Mimi nimefanya kazi upande wa kaskazini tangu nifike nchi hii. Siku za kazi natunza wazee (Wakenya wa huku mtaniambia hiyo si habari, nusu ya kanisa letu inafanya kazi hiyo hiyo), na jioni na wikendi naendesha gari langu kwa Uber na Lyft. Siasa za jimbo hili la Minnesota sikuzisoma gazetini. Nilizijulia kwenye usukani, nikivuka mpaka ule mara nne, mara sita kwa siku, huku nikijiuliza ni nani aliyeuchora.

Zile dola 15 za Minneapolis hazikuanguka kutoka mbinguni. Wafanyakazi wa mikahawa na maduka waliandamana miaka kadhaa. Mwaka 2016 walitaka suala hilo lipigiwe kura na wananchi wenyewe, Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema haiwezekani. Wakageukia baraza la jiji, na tarehe 30 Juni 2017 madiwani wakapitisha, kura 11 kwa 1. Ila mwezi mmoja tu kabla ya hapo, bunge la jimbo, lililokuwa mikononi mwa Republican, lilikuwa limepitisha muswada wa kuyakataza majiji yote ya Minnesota kujiwekea kima chake cha chini cha mshahara. Gavana wa wakati ule, Mark Dayton, akaukataa. Kampuni moja kubwa ya viwandani ikalipeleka jiji mahakamani kwa hoja hiyo hiyo, kwamba mshahara ni kazi ya jimbo, na Januari 2020 ikashindwa.

Hili jambo lilinichukua muda kulielewa, maana mimi nimekulia Kenya. Kaunti zetu, kwa matatizo yake yote, zimeandikwa ndani ya Katiba ya 2010 na kazi zake zimeorodheshwa humo. Jiji la Marekani halitajwi popote katika katiba ya nchi. Ni mtoto wa jimbo. Baba akiamka vibaya anaweza kumwambia: hicho ulichonunua kwa pesa yako, kirudishe dukani. Mwaka 2017 wanaharakati wote wa hapa waliita jambo hilo uonevu, na mabango yao yalisema hivyo. Naomba msomaji ashike hapo, tutarudi.

Kwenye kiwanja cha kusubiria abiria cha uwanja wa ndege ndipo nilipoingizwa katika mambo haya. Madereva hukaa pale saa nzima, wengine wanaswali kando ya magari, wengine wanalala viti vimelazwa. Siku moja ya mwanzo wa 2023 nilikuwa nje nikizungumza na dada yangu wa Nakuru kwa simu, kwa sauti ya juu kama tunavyofanya, na nilipokata simu mzee mmoja wa Kisomali akaniuliza kwa Kiswahili cha Nairobi kabisa: "Mama, ugali unakula na nini huku, sukuma ni hii ya barafu?" Alikuwa amekulia Eastleigh, mtaa wa pili kutoka soko la Garissa Lodge. Alinipa chai ya maziwa yenye iliki kutoka kwenye thamosi yake, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: safari yako ya mwisho abiria alilipa ngapi, na wewe ulipata ngapi? Sikujua alicholipa abiria. Yeye alikuwa na daftari. Kila safari aliyoweza kumuuliza abiria, ameandika. Tangu siku hiyo na mimi nikanunua daftari.

Akaniambia kuna chama, madereva wamejikusanya tangu 2022, njoo Jumapili. Nilienda. Mkutano ulikuwa kwa Kisomali, na Kioromo kidogo, na mimi nilikaa nyuma na mzee wangu akinitafsiria kwa Kiswahili sikioni, huku kijana wa pembeni akiuliza kwa Kiingereza kifungu hiki kina maana gani. Lugha nne kwa sentensi moja. Nilicheka mpaka nikaangaliwa vibaya. Lakini hao watu walikuwa wamejipanga. Walijua jina la kila diwani, wadi yake, na nani ana wapiga kura wa Kisomali wa kutosha kumfanya asikilize. Walikuwa na mgawanyo wa zamu: wa kwenda St. Paul kwenye bunge la jimbo ni hawa, wa kwenda baraza la jiji ni hawa. Wengi wao hawakuwa hata na muda wa kula.

Mwaka ule chama cha DFL, ndiyo Democratic ya Minnesota, kilikuwa kimeshika kila kitu St. Paul: nyumba zote mbili za bunge na ugavana. Kwenye Seneti kilikuwa na viti 34 kwa 33, wingi wa mtu mmoja. Muswada wetu, wa kuweka kima cha chini cha malipo ya madereva, ulibebwa na seneta Omar Fateh na mbunge Hodan Hassan, wote wa Minneapolis, na ukapita. Tukasubiri sahihi ya Tim Walz. Wakati huo Uber ilikuwa imeshatangaza kwamba ukitiwa sahihi itaondoa huduma sehemu kubwa ya jimbo. Mwisho wa Mei 2023 gavana akaukataa. Ilikuwa kura yake ya turufu ya kwanza tangu aapishwe 2019. Katika miaka minne hakuukataa muswada hata mmoja wa Republican wala wa mtu mwingine yeyote, akaja kuanza na sisi. Aliahidi kamati na utafiti. Mzee alisema maneno mawili tu ya Kisomali ambayo hakunitafsiria.

Nyumbani nikamwambia mume wangu: hawa karibu wote ni wa chama kimoja. Gavana DFL, meya Jacob Frey DFL, madiwani karibu wote DFL, na wachache barazani wanajiita wasoshalisti waziwazi, akiwemo Robin Wonsley ambaye si wa DFL. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sasa mimi nilime wapi, na hapa kila mtu ana shamba lake?

Baada ya St. Paul kutukataa tukarudi jijini. Madiwani Jamal Osman, Wonsley na Jason Chavez wakaandika sheria ndogo ya jiji, na hapo ndipo nilipojiandikisha kuzungumza. Hakuna aliyeniuliza kitambulisho, wala kama nina uraia. Hukuhitaji kuwa mpiga kura ili usimame mbele ya watu wanaotunga sheria na useme. Unapewa dakika mbili na taa inayobadilika rangi. Nilikuwa nimefanya mazoezi jikoni na saa ya kuivisha mayai. Nilikuwa na namba zangu za kwenye daftari, bei ya tairi, bei ya bima.

Lakini aliyenitangulia alikuwa mwanamke mwenye kiti cha magurudumu. Alisema haendeshi, basi halimfikii mlangoni wakati wa baridi, na hizi gari ndizo zinazompeleka kliniki. Bei zikipanda, au kampuni zikiondoka kama zilivyotishia, yeye atabaki ndani. Hakututukana. Alisema anatutakia mema. Kisha ikaitwa namba yangu.

Sasa mnielewe hali yangu. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemvalisha koti mzee ninayemtunza na kumwitia gari ya kwenda kusafishwa figo. Mimi ni dereva na mimi ndiye ninayeita gari. Nilisimama, nikaangalia karatasi yangu, na dakika ya kwanza yote nikaimalizia kujibu yule mama badala ya kuzungumza na madiwani. Nilimwambia kwamba ni sisi ndio tunaokunja kiti chake na kukiweka kwenye buti, na kwamba kuna mahali bei yake na malipo yetu vinapitia, na hapo katikati ndipo tukaulize. Taa ikawa nyekundu nikiwa kwenye bei ya tairi. Wenzangu walipiga makofi, ila mzee aliniambia nje: "Umesema vizuri, mama, lakini umesahau kutaja namba." Kweli. Namba niliyoambiwa nitaje ni moja tu, na sikuitaja.

Baraza likapitisha mwezi Agosti 2023, meya Frey akaikataa kwa kura ya turufu. Kupindua turufu ya meya kunataka madiwani 9 kati ya 13, na hawakuwepo. Ila Novemba kulikuwa na uchaguzi wa madiwani, na hapo ndipo nilipoona kazi ya harakati ambayo haipigwi picha: watu waliotoka kazini saa nne usiku wakagonga milango kesho yake saa tatu asubuhi, wakiwauliza watu kama wamejiandikisha. Baraza lililoapishwa Januari 2024 likawa limeegemea kushoto kuliko lile lililopita.

Majira yale ya baridi hayakuwa ya Minnesota. Theluji haikunyesha ya maana, watu walitembea na fulana mwezi wa pili. Tarehe 7 Machi madiwani wakapitisha upya: dola 1.40 kwa maili na senti 51 kwa dakika, kwa sehemu ya safari iliyo ndani ya jiji. Kesho yake meya akakataa, na siku hiyo hiyo idara ya kazi ya jimbo ikatoa ule utafiti wa gavana. Utafiti ukasema senti 89 kwa maili na senti 49 kwa dakika zingetosha kumfikisha dereva kwenye kima cha chini cha Minneapolis. Kila aliyekuwa na hoja akachukua namba aliyoitaka humo.

Ramadhani ilianza Jumatatu ya tarehe 11. Alhamisi tarehe 14, madereva wengi wakiwa na njaa na kiu, baraza likapindua turufu, kura 10 kwa 3. Mimi sifungi, ila siku ile nilijizuia kunywa hata maji ukumbini, kwa aibu tu. Ukumbi ulilipuka. Nilimwona mzee amekaa, amefunika uso kwa viganja. Kabla hatujafika kwenye magari simu zilikuwa zimeanza kuita: kampuni zinaondoka tarehe 1 Mei. Lyft ingeondoka Minneapolis, Uber ingeondoka eneo zima la jiji na vitongoji vyake, pamoja na uwanja wa ndege.

Wiki sita zilizofuata sitaki kuzisimulia sana. Kila abiria aliyeingia aliuliza swali moja. Wengine walituonea huruma, wengine walituuliza kwa nini tunaharibu kitu kizuri. Kanisani mchungaji aliombea "ndugu zetu madereva", halafu akaniuliza pembeni kama ndugu yake anayekuja Mei atapataje gari. Kuna waliosema ni vitisho tu. Mimi nilikuwa nimesoma habari za Austin, Texas. Mwaka 2016 wapiga kura wa Austin walibaki na sharti la alama za vidole kwa madereva, na Uber na Lyft zikaondoka kweli. Zilirudi mwaka mmoja baadaye. Jiji halikubadili mawazo. Bunge la Texas ndilo lililopitisha sheria ya jimbo iliyoifuta ya jiji. Niliposoma hapo nilijua mchezo wetu utaishia wapi, ila nilidhani wetu wana chama tofauti na cha Texas.

Katika wiki ya Idi baraza likasogeza tarehe hadi 1 Julai. Kampuni ndogo kadhaa zikajitokeza kuomba leseni ya kujaza pengo. Halafu mambo yote yakahamia St. Paul, vyumba vya ndani, na sisi tukabaki kwenye korido tukikalia mabenchi ya marumaru. Kikao cha bunge kilikuwa kinafungwa usiku wa Jumapili ya tarehe 19 Mei. Jumamosi wakatangaza wamepatana, na saa za mwisho kabisa sheria ikapita. Gavana alitia sahihi mwezi ule ule.

Dola 1.28 kwa maili. Senti 31 kwa dakika. Jimbo zima. Haki ya kukata rufaa ukifungiwa akaunti, jambo ambalo kila dereva huliota usiku, na bima ya kuumia ukiwa kazini. Na kifungu kimoja zaidi: hakuna jiji litakaloruhusiwa kuweka malipo yake.

Ndiyo. Kile kile kilichoitwa uonevu 2017 kilipoletwa na Republican, 2024 kililetwa na DFL, tena na baadhi ya watu walioandamana nasi, na tulikipigia makofi kwa sababu kilikuja kwenye bahasha moja na nyongeza yetu. Najua hoja yao. Mzee alinipa hoja hiyo kwa sentensi moja, tukiwa ngazi za bunge saa saba usiku: "Gari langu haliishi Minneapolis." Ni kweli. Uwanja wa ndege hauko ndani ya jiji. Bloomington, Brooklyn Park, Rochester, St. Cloud, kote huko sheria ya jiji isingefika, na mimi niliyefungua makala hii kwa kulia juu ya mpaka wa 53rd Avenue ni nani wa kukataa sheria inayoufuta? Madereva wa miji midogo walipata kitu bila kukanyaga mkutano hata mmoja. Nafurahi kwa ajili yao.

Lakini nina daftari. Chukua safari ya ndani ya jiji, maili 5, dakika 15, kama kutoka Cedar-Riverside kwenda Uptown jioni. Kwa sheria ya jiji ni dola 14.65. Kwa sheria ya jimbo ni 11.05. Na kwa namba za utafiti wa jimbo lenyewe, ule ambao kampuni zilipenda kuutaja kwa sababu senti zake 89 kwa maili zilikuwa chini, ni 11.80. Yaani kwa safari fupi za foleni, tulipewa pungufu hata ya kile serikali ilichosema ni cha kutufikisha kwenye kima cha chini. Waliopatana waliongeza maili wakapunguza dakika. Maili ni za barabara kuu na vitongoji, dakika ni za mjini. Sijui kama mtu alikaa akapanga hivyo, lakini dereva wa Cedar-Riverside na dereva wa Bloomington hawakupata sheria moja, hata kama karatasi ni moja.

Na zamani, ukiona kasoro kama hiyo, ungerudi kwa diwani wako. Ungejiandikisha, ungepewa dakika mbili. Mlango huo ndio uliofungwa. Nasema hivi nikijua kabisa kwamba bila kura zile 10 za Machi bunge lisingegusa suala hili mwaka ule. Jiji ndilo lililolisukuma jimbo, na malipo ya jiji yakawa ni kufungwa mdomo. Nimelisema hili mkutanoni, kwa Kiswahili, mzee akalitafsiri, na kukawa na ubishi mzuri wa nusu saa ambao nusu yake sikuelewa.

Nilichokiona mimi ni kwamba waliochoka ni wengi. Mkutano wa Juni ulikuwa na watu wachache kuliko ule wa kwanza niliouhudhuria. Wengine waliona tumemaliza. Fateh aligombea umeya mwaka 2025, Frey akamshinda. Wengine wamerudi kwenye malori, wengine wamehamia Columbus, jimbo la Ohio.

Viwango vipya vilikuwa vinalipwa Januari 2025. Jioni moja mwezi ule theluji ilianguka, ya kweli safari hii, na I-94 ikasimama karibu na handaki la Lowry Hill. Nyuma nilikuwa na kijana wa chuo na sanduku la gitaa. Tulikaa dakika 17 bila kusogea. Nilizihesabu: dola 5.27. Kwa senti 51 zingekuwa 8.67. Kijana aliomba radhi kwa foleni kana kwamba yeye ndiye aliyeileta, akauliza kama nalipwa tukiwa tumesimama hivi. Nikamwambia nalipwa. Akasema afadhali, akarudi kwenye simu yake.

Ujumbe wa mzee uliingia tukiwa bado pale. Kikao kipya cha bunge kimeanza, kuna zamu ya Jumanne St. Paul, watu wanane wanatosha, na mimi nije na daftari na safari hii nitaje namba.